Aliyeondoa Vina Ameweka Nini? Fundisho la Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Mgogoro wa wanamapokeo na wanamapinduzi katika ushairi hufundishwa katika shule zetu kana kwamba ni mashindano ya timu mbili, na mwanafunzi hana budi kuchagua upande wa kushangilia. Matokeo yake huonekana katika karatasi za watahiniwa. Mtahiniwa huandika kwamba shairi ni huru kwa sababu halina vina wala mizani, kisha huweka kituo na kwenda kwenye swali linalofuata. Jibu la aina hii hutaja kisichokuwamo katika shairi, wala haligusi kilichomo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika historia ya ushairi wetu, kila mtindo mpya uliodumu ulikuja na ustadi wake. Mshairi aliyepunguza jambo fulani aliweka jingine mahali pake.

Tuanze Mombasa. Muyaka bin Haji aliishi kati ya mwaka 1776 na 1840, wakati Wamazrui wa Mvita walipokuwa wakivutana na Maseyyid wa Busaidi. Kabla yake, tungo ndefu zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa hasa tenzi za dini, mfano Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ingawa nyimbo zinazohusishwa na Fumo Liyongo zinathibitisha kwamba mambo ya dunia nayo yaliimbwa tangu zamani. Muyaka alilishika shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, akalitumia kuzungumzia vita, mapenzi, njaa, biashara na majibizano ya mji. Ndiyo maana husemwa kwamba alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Lakini sokoni hakwenda mikono mitupu. Alikuwa na mafumbo, kejeli na ufupi wa kauli uliowezesha ubeti mmoja kubeba hoja nzima. Ustadi huo ulizifanya tungo zake zikumbukwe hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, na hatimaye William Hichens akazichapisha mwaka 1940.

Karne ya ishirini ilieneza hati za Kirumi na magazeti. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, shairi lilipata wasomaji na watunzi wengi mbali na pwani. Wengi wao hawakulelewa miongoni mwa malenga wa Lamu au Mvita, hivyo walihitaji mwongozo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mwenyeji wa Ujiji, alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Leo tunakichukulia kama ngome ya mapokeo. Tukumbuke hata hivyo kwamba katika wakati wake kilikuwa chombo kipya: kanuni zilizokuwa zikirithishwa kwa kusikia zilipata kitabu ambacho mtu yeyote angeweza kujisomea.

Mfano mwingine ni Mathias Mnyampala, mtunzi kutoka Ugogo ambaye hakulelewa pwani lakini alijifunza arudhi akaimudu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, palihitajika sanaa ya kuufikia umma mkubwa. Mnyampala alilichukua shairi la kujibizana akalipa wahusika na jukwaa, na ngonjera ikashamiri. Tunaposikia ngonjera katika tamasha zetu za muziki, tunasikia kazi ya mtu aliyekwenda na wakati bila kuacha hata mizani moja.

Ndipo tunapofika miaka ya sabini. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla alichapisha Sauti ya Dhiki, tungo alizoziandika gerezani alikofungwa kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Alitumia bahari za jadi na lahaja ya Kimvita kusema jambo ambalo wengi katika Kenya ya wakati ule hawakuthubutu kulisema. Mwaka uliofuata, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na urari wa mizani. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliongeza nguvu kwa Malenga wa Bara. Je, Kezilahabi aliweka nini mahali pa vina? Aliweka mwendo wa lugha ya mazungumzo, taswira zinazojengwa hatua kwa hatua, na mshororo unaokatwa pale fikra inapotaka kupumua. Vitabu hivyo viwili vilifuatana kwa mwaka mmoja tu, na kila kimoja kilikuwa kipya kwa njia yake.

Hapa Kenya, Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988. Kithaka wa Mberia naye, katika Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001), aliutumia ukurasa wenyewe kama sehemu ya shairi, akipanga maneno ili jicho lione kile ambacho sikio linaambiwa.

Mwalimu mwenzangu, historia hii ina manufaa gani darasani? Kwanza, mwanafunzi aulizwe swali la pili kila anapotaja shairi huru: mshairi ameweka nini mahali pa vina? Atalazimika kutafuta takriri, usambamba, mishata, taswira na mpangilio wa mishororo, kisha aeleze kazi ya kila kimoja. Pili, shairi la arudhi nalo lisihesabiwe mizani tu. Mtahiniwa aonyeshe jinsi kina cha kati kinavyoligawa wazo, au jinsi kibwagizo kinavyobadilika maana kila kinaporudi. Tatu, mwanafunzi anayetaka kutunga aanze kwa kutunga tarbia moja kamili, kisha aliandike wazo lile lile bila vina na bila mizani, na aeleze amepata nini na amepoteza nini. Akishindwa kueleza, alichoandika kinaweza kuwa nathari iliyokatwakatwa tu.

Vijana wetu leo wanasikiliza na kutunga tungo za aina nyingi, nyingine zikiwa hazina jina katika vitabu vyetu vya kiada. Si kazi yetu kuwafungia mlango, wala si kazi yetu kuusifu upya kwa kuwa ni upya. Muyaka, Mnyampala na Kezilahabi walisikiliza wakati wao, na kila mmoja aliijua kazi ya mikono yake. Tuwadai wanafunzi wetu yote mawili.