Infraredi Jirani: Jirani wa Nani?

Mtoto akiwasha tochi gizani na kuiziba kwa kiganja, vidole vyake huwaka vyekundu. Hemoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, hufyonza sana rangi ya kijani na samawati. Nyekundu ndiyo inayoponyoka na kutokea upande wa pili.

Ng'ambo ya hiyo nyekundu kuna mwanga usioonekana kwa macho. William Herschel aliukuta mwaka 1800 huko Uingereza: alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje ya ukingo wa nyekundu, na joto likapanda. Huo ndio infraredi. Sehemu yake ya mwanzo ndiyo hutumwa na rimoti ya televisheni, na ndiyo watafiti huitumia kupima matiti.

Sehemu hiyo tuiiteje? Ukisema "infraredi ya karibu", msomaji ana haki ya kuuliza: karibu na nini, na ngozi au na daktari? Ukaribu wenyewe ni wa rangi, kwa kuwa mwanga huu unapakana na nyekundu. "Infraredi jirani" inafaa zaidi, kwani jirani lazima awe na wa kupakana naye. Na mtu asijaribiwe kuunda "nyekundumno" kwa kuiga urujuanimno: "mno" ni kuzidi, ilhali infra ni chini, yaani mitetemo michache zaidi kwa sekunde.

Kati ya nanomita 650 na 950 hivi, damu na maji hufyonza kidogo tu, hivyo mwanga hupenya sentimita kadhaa ndani ya titi. Hauendi moja kwa moja, bali hutangatanga kama tochi iliyomulikwa kwenye tui la nazi. Mfano huo si wa jikoni tu: maabara hupima mitambo yao kwa kimiminika cheupe cha matone ya mafuta.

Kila kitu huacha alama yake. Hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza sawa karibu na nanomita 800, kisha hutofautiana pande zote mbili. Mafuta hujitokeza karibu na 930, maji karibu na 970. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ni miongoni mwa waliopima hivyo matiti yasiyo na ugonjwa. Wanawake ambao bado wanapata hedhi huwa na damu na maji mengi zaidi. Hedhi ikishakoma, mafuta huchukua nafasi. Hata ndani ya mwezi mmoja vipimo hupanda na kushuka.

Uvimbe wa saratani nao mara nyingi huwa na damu na maji mengi. Asiyejua titi zima hubadilika kiasi gani anaweza kushtukia hedhi tu. Picha za infraredi jirani zina ukungu zaidi kuliko za mamografia, yaani eksirei ya titi, lakini mwanga huu hauna madhara ya eksirei, kwa hiyo mwanamke yuleyule anaweza kupimwa leo, wiki ijayo, na wiki inayofuata.

Hilo "titi zima" nalo lina utata wake: ni lenye afya, au ni lote?