Filimbi pana au nyembamba? Orijino ilikuwa ya mwanzi, msee

Kila nikiweka video nikipuliza ile filimbi kubwa ya Kiayalandi, lazima kuna mtu atakuja kuniambia ati ya bomba pana ndiyo orijino, na hii yangu nyembamba ni ya wanaojifunza. Sawa. Wacha tuongee historia basi.

Filimbi ndogo ya bati ni mzee. Robert Clarke alianza kuiunda Uingereza mwaka wa 1843. Lakini hii kubwa ni ya juzi tu. Mwaka wa 1971, Finbar Furey, mwanamuziki wa Ayalandi, alikuwa na filimbi ya mwanzi ya Kihindi aliyoipenda sana, ikaharibika akiwa ziarani. Akaipeleka kwa fundi Mwingereza, Bernard Overton. Haikuwezekana kurekebishwa. Overton akachukua bomba la alumini akamuundia nyingine. Baadaye akashuka hadi ya D ya chini, karibu sentimita 58, okteva nzima chini ya ile ndogo.

Kwa hivyo hakuna kipimo cha mababu hapa. Mafundi waliofuata walikuwa wanajaribu tu, kila mmoja na bomba lake.

Na tofauti iko, sikatai. Bomba likiwa jembamba kulingana na urefu wake, sauti inaruka okteva ya juu kwa pumzi kidogo sana. Noti za juu zinatoka tamu. Shida iko chini: D ya chini inakuwa nyembamba, na ukipuliza kidogo zaidi, imeshakuhepa imeenda juu. Bomba pana ni kinyume. Chini kuna nyama, unaweza kuisukuma na haitoroki, lakini kule juu unaitisha kwa nguvu, na pumzi inaisha haraka. Vidole navyo havijali: matundu yako mbali kwa sababu ya urefu, so kote utashika kwa katikati ya vidole kama wapiga zumari.

Nilipoacha chuo nilikuwa na muda mwingi na pesa kidogo. Nikaenda hadwea nikanunua vipande viwili vya bomba la plastiki, kimoja cha inchi moja na kingine cha robo tatu, nikachonga. Ya inchi moja, manze, noti ya chini ilijaza chumba chote. Lakini kwa jigi, ile miziki ya kudensi isiyo na mahali pa kupumua, nilikuwa naruka noti ili nivute hewa, na okteva ya pili ilikuwa kelele tupu. Ya robo tatu ilimaliza wimbo.

Kwa wimbo wa polepole, ule wa huzuni ambao Davy Spillane anaupuliza hadi unasahau unadaiwa rent, nipe pana. Kwa jigi sitoki kwa nyembamba. Na wewe wa "orijino", tafuta mwanzi.