Saratani ya kovu

Kovu la moto likishafunga, wenyewe husema limepona. Mengine hayaponi. Mtoto huungua nyuma ya goti, ngozi mpya huota nyembamba na kukaza, na kila anapokunja mguu hupasuka, hufunga, hupasuka tena. Miaka 30 baadaye, pengine zaidi, hapo hapo huchimbika kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachonuka na kutoka damu. Vitabu vya udaktari hukiita kidonda cha Marjolin.

Jean-Nicolas Marjolin, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, alieleza vidonda vya makovuni mwaka 1828, ila hakusema kwamba ni saratani. Jina lake lilibandikwa na Da Costa wa Marekani mwaka 1903. Heshima hiyo ningeweza kuivumilia. Tatizo langu ni neno kidonda. Kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi, hunyunyiziwa unga wa vidonge, hufungwa bandeji na kusubiriwa. Aliyeambiwa ana kidonda atasubiri miezi. Kwa hiyo nasema saratani ya kovu, ugonjwa utajwe kwanza, mahali pake pafuate.

Mtunzi wa kamusi ana haki ya kunipinga. Ugonjwa huu huota pia kwenye kidonda sugu ambacho hakijawahi kufunga, au kwenye tundu la usaha utokao mfupani. Hayo yaandikwe katika fasili, istilahi ibaki fupi. Kovu la moto ndilo chanzo kikuu: hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipochapisha mapitio ya wagonjwa wake 56 mwaka 2012, wengi mno walikuwa wameungua zamani.

Mara nyingi ni saratani ya seli bapa za ngozi, ile ile iletwayo na jua, lakini hii ya kovuni ni kali zaidi na husambaa upesi. Hudhaniwa kwamba kovu nene, kwa uchache wa mishipa ya damu na ya limfu, huuficha uvimbe usionwe na kinga ya mwili. Kwa kuwa husambaa upesi, daktari hupapasa mitoki ya kinena au kwapa kabla ya lolote. Kisha hukata vinyama kutoka sehemu kadhaa za kingo, maana kipande kimoja huweza kuikosa saratani. Ikithibitishwa, huondolewa pamoja na ngozi nzima inayoizunguka, walau sentimita 2, na pengo hupandikizwa ngozi. Upandikizaji huo huo, ukifanywa jeraha la moto likiwa bado bichi, hupunguza sana uwezekano wa kufika huku.