Kigingi cha Mti Katika Ufuko wa Rumonge

Mwezi wa Aprili 1858, wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipotoka Ujiji kuelekea Uvira, wakiambaa na ufuko wa Urundi, walisafiri katika mitumbwi ya gogo moja moja la mvule, miti iliyoangushwa na kuchongwa katika nchi ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Chombo cha namna hiyo hakina kiungo, na kisicho na kiungo hakina haja ya msumari wala kigingi; kwa hiyo atakaye kujua habari za vigingi katika pande hizi za Rumonge na Kizuka hana budi kuanzia pwani ya bahari, walikotoka wale waliokuja na keekee, na tezo, na lugha hii tunayoiandika.

Huko pwani sanaa hiyo ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinavitaja vyombo vya kushonwa vya Rhapta. Na mtepe, uliosafiri baharini hata mwanzoni mwa karne ya ishirini, uliundwa kwa taratibu hiyo hiyo bila chuma: mbao zilitobolewa kingoni zikatiwa vigingi ili zisiteleze, kisha zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na kila tundu la kamba likazibwa kwa kijiti. Wengi husifu kamba wakakisahau kigingi, nami naona si haki, madhali kamba yaweza kukaza mbao lakini haiwezi kuzizuia zisisogee moja juu ya nyingine.

Watu wa pwani walipoweka makao Ujiji, na hususa katika zama za Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mambo yao yalienea katika fuko hizi za Urundi. Kila kitu cha Bagamoyo kilifika ziwani juu ya mabega ya wapagazi, na katika hali hiyo msumari haukuwa kitu cha kuchezea. Chuma hakikukosekana, kwani wahunzi wa Urundi na wa Uha walijua kufua majembe tangu zamani. Walakini jembe ni jembe, na kufua misumari myembamba mia mbili ya umbo moja ni kazi nyingine. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, hoja hiyo ya kupendelea kigingi kwa uhaba wa misumari ikaanza kudhoofika. Na maji ya ziwa, yasiyo na chumvi ya bahari, hayali chuma kwa pupa ile ya bahari. Leo mitumbwi ya mbao ya wavuvi wa ndagala na mukeke hupigiliwa misumari ya dukani, na kigingi kimehama chomboni kikaingia katika vitanda, milango na viti.

Huko kwenye vitanda na milango ndiko unakoonekana ustadi wake, kwa kuwa fundi wa huku hana duka la kumwuzia vijiti vya mviringo vya kipimo atakacho. Hutoboa tundu kwanza, kisha huliundia kigingi. Mti hupasuliwa kwa shoka au panga kufuata nyuzi zake, wala haukatwi kwa msumeno, kwani msumeno hupita katikati ya nyuzi, na kijiti cha namna hiyo huvunjika kikipigwa nyundo. Kipande kilichopasuka vizuri huchongwa pembe nne, kikabakizwa unene uzidio tundu kwa kiasi kidogo tu, kisha pembe hupunguzwa zikawa nane, na ncha ikasuguliwa. Baada ya hapo huwekwa juu ya kipande cha chuma kinene kilichotobolewa kwa keekee ile ile iliyotoboa ubao, kikapigwa nyundo kipenye: chuma hukinyoa pande zote, maganda membamba hujikunja juu ya mdomo wa tundu, na kinachoangukia chini ni mviringo wa kipimo kile kile kinachotakiwa.

Kigingi chenyewe sharti kiwe kikavu kuliko ubao, na wengi hukianika juu ya meko; kikitiwa kibichi, kiangazi cha Juni hadi Septemba hukinyausha, na kitanda huanza kulia usiku. Kikiingia kwa kusukumwa na kidole, kimepwaya. Kikidai nyundo nzito, kitaupasua ulimi, yaani ncha ya ubao iingizwayo ndani ya mguu wa kitanda. Mafundi wenye hadhari hulitoboa tundu la ulimi karibu kidogo zaidi na bega la ulimi huo, lisilingane sawasawa na tundu la mguu, ili kigingi kikipita kiuvute ulimi ndani na kiungo kijikaze chenyewe, hata bila gundi.

Ajabu ni kwamba Kizuka imezungukwa na michikichi, mti uwapao watu mawese, sabuni na fagio, lakini usiompa seremala kigingi hata kimoja: nyuzi zake ni ngumu upande wa nje, ndani ni laini kama sifongo, na kikichongwa hutawanyika. Basi fundi hutafuta mabaki ya mvule, ambao siku hizi ni adimu na ghali, au mkaratusi uliokaa sana. Na akibahatika kupata mpini wa jembe uliovunjika, mti mgumu ambao miaka ya jua na jasho imekwisha kuukausha, huupasua papo hapo na kuuweka akiba kando, mbali na watafutao kuni.