Uainishaji wa madini ya silikati

Uainishaji wa madini ya silikati ni utaratibu wa kuyapanga madini yenye silikoni na oksijeni katika makundi kufuatana na jinsi atomi zake zilivyoungana. Silikati hufanya takriban asilimia 90 ya ganda la dunia. Mawe ya graniti, udongo wa mfinyanzi, ulanga, na vito kama zumaridi na tanzanaiti vyote vina silikati.

Kipande cha msingi

Karibu silikati zote zimejengwa kwa kipande kimoja: atomi ya silikoni iliyozungukwa na atomi nne za oksijeni. Oksijeni hizo hukaa kwenye pembe za tetrahedroni, yaani piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, na silikoni huwa katikati. Kipande hiki (SiO₄) kina chaji hasi nne. Chaji hiyo husawazishwa na ioni chanya, kwa mfano za chuma, magnesi au kalsi. Hupungua pia pale tetrahedroni mbili zinapotumia oksijeni moja kwa pamoja. Idadi ya pembe zinazoshirikiwa, na mpangilio wake, ndivyo vinavyoamua kundi la madini.

Makundi sita

1. Nesosilikati: kila tetrahedroni iko peke yake. Uwiano wa silikoni kwa oksijeni ni 1:4. Mifano ni olivini, topazi na garneti, pamoja na tsavoriti, garneti ya kijani inayochimbwa Tanzania na Kenya.
2. Sorosilikati: tetrahedroni zimeungana mbili mbili (2:7). Tanzanaiti ya Mererani, mkoani Manyara, huwekwa hapa, ingawa ndani yake zimo pia tetrahedroni pweke.
3. Siklosilikati: tetrahedroni zimefunga pete (1:3), mara nyingi za sita sita. Mifano ni tomalini na berili, ambayo aina yake ya kijani ni zumaridi.
4. Inosilikati: tetrahedroni zimefuatana kama mnyororo. Mnyororo mmoja (1:3) hupatikana katika piroksini. Minyororo miwili iliyounganishwa (4:11) katika amfiboli.
5. Filosilikati: kila tetrahedroni hushiriki pembe tatu na kufanya tabaka (2:5). Mifano ni ulanga, talki na madini ya udongo wa mfinyanzi.
6. Tektosilikati: pembe zote nne hushirikiwa, nazo hufanya kiunzi cha pande zote (1:2). Mifano ni kwatzi na feldispa. Katika feldispa, alumini huchukua nafasi ya sehemu ya silikoni.

Muundo na tabia

Ulanga hubanduka kama kurasa za kitabu kwa sababu atomi zimeshikana kwa nguvu ndani ya tabaka, lakini tabaka lenyewe limeshikana kidogo na jirani yake. Kwatzi haina sehemu dhaifu ya namna hiyo. Huvunjika ovyo, hukwaruza kioo, na hubaki kama mchanga mtoni wakati feldispa imekwisha kugeuka kuwa udongo.

Hata hivyo, kundi peke yake halielezi kila kitu. Asbesto ni jina la madini kadhaa yenye nyuzi. Asbesto ya buluu ni amfiboli, lakini asbesto nyeupe ni filosilikati ambayo tabaka zake hujikunja kama mirija. Aina zote za asbesto husababisha saratani nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi, hivyo kutofautiana kwa makundi hakufanyi moja iwe salama.

Historia

Zamani wanakemia waliainisha silikati kwa fomula tu, wakizihesabu kuwa chumvi za asidi mbalimbali za silikoni. Lakini berili na piroksini zina uwiano uleule wa 1:3, ilhali moja ni pete na nyingine ni mnyororo. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba fuwele hutawanya eksirei. William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg walitumia njia hiyo kupima nafasi za atomi, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1915. Vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyowezesha uainishaji unaotumika leo.