Miguu Iliyofundishwa Upya

Husimuliwa katika historia ya tiba ya viungo kwamba mwaka 1887, huko Heiden, Uswisi, daktari Heinrich Frenkel alimtaka mgonjwa wake aguse ncha ya pua kwa kidole. Mgonjwa alikuwa na kaswende iliyokwisha kufika kwenye uti wa mgongo, na mkono ukapotea njia. Miezi kadhaa baadaye alirudi, akapimwa tena, na safari hii kidole kikafika. Ugonjwa ule haukuwa na dawa wakati huo, kwa hiyo Frenkel akamuuliza kulikoni. Mgonjwa akajibu kwamba alitaka kufaulu kipimo, basi akawa anafanya mazoezi nyumbani. Jibu hilo jepesi lilibadilisha mambo. Kabla yake, madaktari walichukulia kuyumba kwa mwili kuwa dalili tu ya ugonjwa, kitu cha kupima na kuandika kwenye faili. Baada yake ilianza kueleweka, polepole mno, kwamba kusimama wima ni ujuzi, na ujuzi hufundishika hata kwa mwili uliokwisha kuharibika.

Kipimo chenyewe kilikuwa kimetangulia. Moritz Romberg wa Berlin alikieleza katika miaka ya 1840: mgonjwa asimame miguu pamoja, kisha afumbe macho; akianza kupepesuka, basi neva zinazoleta habari kutoka miguuni zina kasoro. Wagonjwa wa aina hiyo waliyumba walipoinama kunawa uso, kwa sababu maji na viganja viliwaziba macho, na macho ndiyo yaliyokuwa yakiwashikilia. Hapo ndipo inapoonekana namna mwili unavyosimama. Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na maungio. Chanzo kimoja kikizimika, vingine viwili hubeba mzigo. Romberg aliligundua pengo hilo, ila hakuwa na la kumpa mgonjwa. Frenkel yeye alichora mistari na alama za nyayo sakafuni, akawataka wagonjwa wakanyage juu yake huku wakiangalia miguu na kuhesabu kwa sauti, hatua moja moja, leo, kesho na keshokutwa. Neva hazikupona. Watu walitembea.

Hatua ya pili ilitokana na vita. Katika miaka ya 1940, huko Uingereza, Terence Cawthorne, mpasuaji wa masikio, na F. S. Cooksey, daktari wa urekebishaji, walikuwa wakihudumia watu waliopata kizunguzungu kikali baada ya kuumia kichwa au kupasuliwa sikio la ndani. Desturi ilikuwa kumlaza mgonjwa atulie. Wao walifanya kinyume: mgonjwa aanze kusogeza macho akiwa bado kitandani, kisha kichwa, kisha aketi, ainame kuokota kitu, asimame, arushe mpira, apande ngazi, kwanza macho wazi na baadaye yamefumbwa. Walikichokoza kizunguzungu kwa makusudi, kwa kuwa ubongo hauwezi kuzoea kitu ambacho haukutani nacho. Mazoezi hayo yalifanywa kwa makundi, na mpaka leo hutumika hospitalini kwa sura iliyoboreshwa. Mwaka 1965 M. A. R. Freeman, naye wa Uingereza, alipeleka wazo hilo kwenye kifundo cha mguu. Alitaka kujua kwa nini mguu ulioteguka mara moja hurudia kuteguka, akapendekeza kwamba hisia za kano zilizochanika zimepungua, na akawasimamisha wagonjwa kwenye ubao unaoyumba. Maelezo yake kuhusu kano yamepingwa baadaye, lakini ubao umebaki. Utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa voliboli wa Uholanzi na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mazoezi ya ubao huo yalipunguza kuteguka kwa waliowahi kuteguka. Lakini waliokuwa na historia ya majeraha ya goti walipata matatizo zaidi ya goti, na kocha anayewapa wachezaji wote zoezi moja anapaswa kulijua hilo.

Wazee ndio waliofikiwa mwisho, ingawa wao ndio wenye haja kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mjini Dunedin, New Zealand, wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa na mtaalamu wa viungo mazoezi ya kufanya nyumbani ya nguvu na ya mizani ya mwili. Matokeo yalitolewa mwaka 1997: katika mwaka mmoja kundi la mazoezi lilianguka mara 88, na lile lingine mara 152.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu wa vijijini hulima na kutembea mwendo mrefu, hivyo hawahitaji kufundishwa kusimama. Hoja hii ina uzito, kwani mwili unaotumika hudhoofika polepole zaidi. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti 108 uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba mazoezi yanayojaribu mizani yenyewe hupunguza kuanguka kwa karibu robo, wakati matembezi peke yake, au mazoezi ya nguvu peke yake, hayakuonyesha faida ya uhakika. Pingamizi zito zaidi limetoka Uingereza kwenyewe. Mwaka 2020 utafiti wa watu 9,803 wenye miaka 70 na zaidi ulionyesha kwamba kuwapima kwa barua na kuwapa mazoezi walioonekana kuwa hatarini hakukupunguza mivunjiko ya mifupa kuliko ushauri wa maandishi tu. Nakubali matokeo hayo. Kwa maoni yangu yanatuonya dhidi ya kudhani kwamba dodoso lililotumwa kwa posta na rufaa vitafanya kazi ambayo Frenkel aliifanya kwa kusimama kando ya mgonjwa siku baada ya siku. Hayafuti yaliyoonekana Dunedin.

Ndiyo maana nawaomba wenye wazazi wazee wasingoje nyonga ivunjike. Mnapompeleka mzee kliniki kwa presha au sukari, mwambieni mhudumu kama ameanguka mwaka huu, na ombeni aonwe na mtaalamu wa viungo. Nyumbani, asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza nzito isiyosogea, na mtu awe karibu yake, kila siku.