Mnara wa Kengele Ugenini: Waitalia Nchini Kenya

Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861, ilhali miji yake ilikuwa imekwisha kuzeeka. Ndiyo maana Mwitalia akiulizwa kwao ni wapi, hutaja mji kabla ya taifa. Tabia hiyo huitwa campanilismo, kutokana na campanile, mnara wa kengele: kwao mtu ni pale kengele ya kanisa lake inaposikika. Anayetaka kuiona tabia hiyo ikihamia Afrika aitazame Kenya, ambako Waitalia wamefika kwa mikondo kadhaa, na kila mkondo umejenga upya kitu cha nyumbani.

Wa kwanza walikuwa wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano. Mwaka 1902 walifika Tuthu, Murang'a, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure. Baadaye walifungua misheni ya Mathari, Nyeri, wakalima kahawa.

Mkondo wa pili ulikuja kwa nguvu. Mwaka 1941 Uingereza iliwashinda Waitalia nchini Ethiopia, na makumi ya maelfu ya mateka wakaletwa kwenye kambi za Kenya. Kamanda wao, Amedeo, Duke wa Aosta, alifia Nairobi Machi 1942. Amezikwa Nyeri, katika kanisa la ukumbusho linalohifadhi pia mabaki ya askari zaidi ya 600. Mateka waliotengeneza barabara ya kuteremka Bonde la Ufa walijenga mwaka huohuo kikanisa kidogo karibu na Mai Mahiu. Kingali kando ya barabara, na madereva husimama hapo kusali. Watu waliopokonywa kila kitu walitafuta kwanza mahali pa kengele.

Lakini hakuna kisa kinachowaeleza vizuri kuliko cha Felice Benuzzi, mmoja wa mateka hao. Kutoka kambi ya Nanyuki alikuwa akiutazama Mlima Kenya kila kulipopambazuka, akaona kifungo kimemchosha kuliko hatari. Pamoja na daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, alitengeneza kwa siri zana za kukwea barafu kwa nyundo na vyuma chakavu, wakaweka akiba ya chakula kutoka katika posho yao. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama iliwasaidia. Walitoroka Januari 1943. Kilele cha Batian kiliwashinda, ila Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera ya Italia. Kisha wakarudi kambini wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yake. Mkuu wa kambi aliipunguza hadi siku 7, kwa kuheshimu ushujaa wao. Hawakutoroka ili waende kwao, bali ili waishi siku chache kama watu huru, na jambo hilo lastahili kukumbukwa.

Miaka ya 1960 walikuja wahandisi. Luigi Broglio alichagua bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, iwe mahali pa kurushia setilaiti, kwa kuwa iko karibu na ikweta. Kutoka jukwaa la baharini lililoitwa San Marco, setilaiti ya kwanza ilirushwa Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei, nayo ikapewa jina la Uhuru.

Baada ya wahandisi walifuata watalii na wenye hoteli, hasa miaka ya 1980, na Malindi na Watamu zikabadilika. Nyumba za makuti zilipata tanuri za kuni za kuokea piza. Mezani mambo yana mpangilio: tambi hutangulia, samaki wa wavuvi wa hapohapo hufuata, kisha kahawa nzito katika kikombe kidogo. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi, na Mwitalia hushangaa akiona mtu anaiagiza baada ya chakula cha mchana. Lugha nayo ilisafiri kinyume na desturi ya ugenini: si mgeni aliyejifunza ya mwenyeji, bali wauza vinyago, madereva wa tuktuk na vijana wa ufukweni ndio waliojifunza Kiitalia, wengi bila kuingia darasani, kwa kusikiliza tu.